Springi Nne na Mlima wa Baba Mkubwa

Pikipiki yangu ina klachi ngumu. Anayeiazima huirudisha kabla ya nusu saa akijinyoosha vidole, akiniuliza kama mimi naendesha pikipiki au nakamua tui. Mkono wangu wa kushoto umekuwa mnene kuliko wa kulia. Mke wangu husema siku nikimpiga kibao cha kushoto atafika kwao bila nauli. Ananitania tu, sijawahi kumpiga. Wengine nimewapiga, tena wengi, na nitawataja, kwa sababu habari hii haisemeki bila wao.

Ugumu wa klachi hiyo umetokana na springi nne, kila moja ndogo kuliko kidole changu cha mwisho. Nilizitia siku ya Ijumaa. Laiti ningezitia juma moja kabla, nisingesema niliyoyasema, na baba yangu mkubwa asingefuatwa kwake na watu wenye mapanga. Jambo hili nimeligeuza kila upande na kila mara linarudi pale pale.

Kazi yangu ni bodaboda, na zaidi ya abiria mimi hubeba mizigo. Magunia ya mahindi, makaa, nazi, nayatoa mashamba ya ndani, napita Ganda, nayafikisha sokoni Malindi. Njia hiyo ina bonde moja. Unateremka kwenye mchanga, chini kabisa unapita boma la baba mkubwa, halafu unapanda mwinuko wa mawe uliochimbwachimbwa na mvua. Mtu wa bara akiuona atacheka. Sisi tumezoea tambarare, kwa hiyo tunauita mlima.

Baba mkubwa alikuwa kaka wa marehemu baba yangu, na hakuwa mzee wa kupendeza. Sitaki mtu anielewe vibaya kwa kuwa amekwisha kuwa marehemu naye. Alikuwa na mdomo mchafu, fimbo ya mkwaju, na mbuzi aliowapenda kuliko sisi sote. Pikipiki ikiwatimua mbuzi wake, alitoka uani akamtukana dereva, akamtukana mama wa dereva, akamalizia na mama wa aliyeiunda pikipiki. Siku tuliyomzika baba nilifika makaburini nimelewa mnazi. Alinichapa fimbo za mgongo mbele ya wakwe zangu, mtu mzima mimi, mwenye watoto wawili. Sikumrudishia kwa sababu nilishikwa. Tangu siku hiyo nilimwamkia shikamoo kwa kuwa watu walikuwa wakisikia, naye aliitikia marahaba huku akitazama mbuzi.

Mimi nina hasira za karibu. Pale steji, tunapongojea abiria, nilimvunja mwenzangu jino kwa ajili ya abiria mmoja mwenye mfuko wa samaki. Dereva wa tuktuk aliyenigonga nyuma nilimtoa kupitia ule upande usio na mlango. Na sisi watu wa bodaboda tuna desturi yetu ambayo sijisifii. Mwenzetu akigongwa hatuulizi kosa la nani. Tunapiga honi, honi zinaitana, tunakusanyika, tunapiga kwanza. Nimekuwamo katika makundi hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Najua mbavu zinavyolia chini ya buti, na najua vile mtu anavyoacha kujikinga akichoka.

Basi pikipiki ikaanza kuniaibisha. Nikishuka bondeni na magunia yangu mawili, nikianza kupanda, injini ililia kwa sauti kubwa kabisa lakini gurudumu likawa halisikii. Nilivyozidi kuvuta moto ndivyo ilivyozidi kupiga kelele na kupunguza mwendo, hadi ikasimama katikati ya mlima, harufu ya kuungua ikipanda miguuni. Nikatelemka, nikasukuma, jasho likiingia machoni. Nikifika juu, kwenye tambarare, ikawa nzima. Ilikwenda hadi Malindi bila neno.

Kila mara baba mkubwa alikuwa amesimama uani kwake, fimbo begani.

"Haipandi hiyo," alisema.

Kesho yake vilevile. "Haipandi."

Nilimchukia kwa neno hilo kuliko kwa fimbo alizonichapa. Nilipowasimulia wenzangu steji, hakuna aliyeuliza habari ya injini. Waliuliza, "Ni pale kwa mzee tu?" Nikasema ni pale tu. Wakatazamana. Mwenyekiti wetu wa steji, mtu mzima niliyemheshimu, akasema, "Umefungwa, ndugu yangu. Damu yako mwenyewe imekufunga."

Nikaenda kwa mganga. Alinipa hirizi nikaifunga chini ya kiti. Siku iliyofuata pikipiki ilikufa nguvu pale pale pa siku zote, na baba mkubwa akasema lake lile lile. Mtu mwenye akili angeona hapo kwamba hirizi haihusiki. Mimi niliona kwamba mzee ana nguvu kuliko mganga.

Halafu mwenzetu mmoja akafa bondeni. Alikuwa akitoka mjini na mabati, ameyafunga nyuma kwa kamba ya katani, akateremka kwa kasi. Alipofika chini, gurudumu la mbele likazama mchangani. Pikipiki ikasimama, mabati hayakusimama. Mimi nilifika baada ya robo saa hivi na sitaeleza shingo yake. Aliyekuwa wa kwanza kufika ni baba mkubwa. Alimfunika kwa kikoi chake mwenyewe, akabaki na kaptura, akapiga makelele mpaka watu wakatoka mashambani. Nilimwona ameketi kando ya maiti akimfukuzia inzi kwa mkono.

Baadaye, hilo nalo likawa ushahidi. Alifika mapema namna ile alikuwa akingoja nini?

Jioni ile, jua lingalipo, grupu letu la steji kwenye simu lilikuwa linachemka. Mimi niliketi juu ya pikipiki yangu, damu ya mwenzangu ingali kwenye suruali, nikabonyeza nikarekodi sauti yangu. Naikumbuka neno kwa neno, maana baadaye nilisikilizishwa mara nyingi. Nilisema hivi: "Jamani, mimi sifichi kitu. Pikipiki yangu kila nikifika kwa mzee yule inakufa nguvu. Kwingine kote ni nzima. Yeye anasimama pale anasema haipandi, na haipandi. Ni baba yangu mkubwa lakini nasema kweli. Sasa mwenzetu amekufa pale pale. Nyinyi mnangoja nini?"

Nikaituma. Mtu akajibu kwa ngumi, mwingine kwa moto, zile picha ndogondogo za simu. Niliona raha, na naiandika raha hiyo kwa sababu ilikuwapo.

Tukazika. Siku ya kuanua matanga ikawa Ijumaa. Nilitaka kubeba wageni wa matanga, lakini kufikia hapo pikipiki ilikuwa ikiteleza pale mlimani hata na abiria mmoja mnene. Asubuhi nikaipeleka Malindi kwa fundi.

Fundi yule ni mtu wa bara, mlokole, redio yake haitoki kwenye nyimbo za injili. Aliilaza pikipiki ubavu wa kushoto ili oili isimwagike, akatoa kiki, akafungua kifuniko cha kulia cha injini. Ndani mlikuwa na weusi na harufu ile ile ya mlimani. Akafungua bolti nne kwa kupishana, moja huku, inayofuata upande wa pili, akitumia subira kubwa. Springi nne zikamwangukia kiganjani. Akazifuta kwa tambara, akazisimamisha juu ya meza, akachukua mpya moja kutoka kwenye karatasi akaisimamisha kando yake.

Zangu zilikuwa fupi kwa upana wa ukucha.

"Zimelala," alisema. "Hizi ni maiti. Pleti za klachi bado ziko na nyama, lakini hakuna kitu ya kuzishika. Wewe ukipea moto, injini inazunguka, pleti zinateleza, tairi haijui kama kuna mtu anaiita."

Nikamwuliza, "Mbona inashindwa mahali pamoja tu?"

"Wapi?"

"Pana mzee fulani anakaa hapo," nikasema. Hata sasa najishangaa, hilo ndilo lililotangulia kinywani.

"Mimi sijauliza ya mzee. Hapo kuna mlima?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na unapitanga hapo na mzigo?"

"Ndiyo."

"Na kwingine?"

"Tambarare."

Akacheka mpaka akaweka spana chini. "Sasa hiyo ni uchawi ya nini, boss wangu? Springi ikichoka, kwa tambarare huwezi jua. Ni mlima itakuambia. Hata ungepanda mlima ya kanisa."

Nilimkamata kola. Sikujua nimesimama saa ngapi, nilijikuta tu shati lake liko mkononi mwangu na uso wake karibu na wangu. Hakunipiga wala hakujitoa. Alisema, "Mimi nimekufungulia tu. Sijakuwekea shida." Nikamwachia. Nilikuwa nimeanza kuelewa, na sikutaka.

Akatia zile mpya. Alisema ni za pikipiki kubwa zaidi, za kubeba mzigo, zinakaa vizuri kwenye ya kwangu lakini zitanichosha mkono. Akakaza bolti kwa kupishana vilevile, akakata gasketi kutoka kwenye katoni, akaipaka grisi, akafunga. Nilipovuta leva ya klachi mara ya kwanza nilidhani amekosea. Ilinibidi nitumie vidole vyote vinne na bega. Zile kuukuu alinipa nikazitia mfukoni.

Hapo ndipo nikatazama simu. Ilikuwa saa nane mchana. Grupu lilikuwa na jumbe nyingi na sauti yangu ilikuwa imerudishwa tena juu, mtu ameiweka wote waisikie upya. Chini yake mwenyekiti ameandika, "Matanga yameanuliwa. Twaenda kwa mutsai." Ndilo jina la mchawi kwetu.

Nikarekodi mbiombio. "Jamani ngojeni! Niko kwa fundi. Ni springi za klachi! Zilikuwa zimechoka, mzee hana hatia, nimekosea mimi!" Nikangoja. Kikaja kicheko. Kikaja kingine. Mmoja akaandika, "Mzee kashakufunga na ulimi." Baada ya hapo hakuna aliyejibu. Nikapiga simu kituo cha polisi, wakasema wanakuja, na kweli walikuja, lakini mambo yalikuwa yamekwisha. Nikapanda pikipiki.

Sikumbuki barabara. Nakumbuka mkono wa kushoto ukiuma kila nilipobadilisha gia, na nakumbuka nilikuwa nikijitukana kwa sauti, matusi yale yale ya baba mkubwa, mimi na mama yangu.

Niliteremka bondeni nikaona moshi. Paa la makuti la jiko lake lilikuwa linawaka. Watu walikuwa kama arobaini, wenzangu wa steji na waombolezaji ambao bado walikuwa na nguo za matanga. Wanawake walisimama mbali, leso vichwani. Mbuzi wawili walikuwa wamekatwa miguu na bado wanajaribu kusimama. Sauti ya mbuzi wale ndiyo niliyoisikia kwanza.

Ya pili ilikuwa yangu.

Baba mkubwa alikuwa ameketishwa chini, mgongo kwenye kinu. Paji la uso lilikuwa limepasuka na jicho moja limejaa damu. Mkono wake wa kulia, ule wa fimbo, ulikuwa umevunjika na umelala pajani vibaya. Mwenyekiti alikuwa amechutama mbele yake, amemshikia simu sikioni. "Sikiza," alikuwa akimwambia. "Si sisi. Ni mwanao huyu. Damu yako." Na simu ikasema kwa sauti yangu, "Nyinyi mnangoja nini?"

Mzee akainua jicho moja lililokuwa zima, akaniona juu ya pikipiki.

Sikuwa na mpango. Niliingia katikati yao na pikipiki. Mtu mmoja nilimgonga pajani akaruka kando, mwingine nikamsikia chini ya gurudumu, mguu au mkono, sikuangalia. Nikaruka nikavua helmeti, nikampiga nayo mwenyekiti mdomoni, mtu niliyekunywa naye chai miaka kumi. Meno yakatoka. Nikampiga tena alipokuwa anaanguka. Nimesema nina hasira za karibu, lakini siku ile sikuwa na hasira nao. Nilikuwa nikimpiga yule aliyekuwa anazungumza ndani ya simu, na kila nilipomkosa nilimpata mtu mwingine.

Panga likanipata nyuma ya kiganja cha kushoto. Sikusikia maumivu, niliona tu vidole viwili vimelegea. Nyuma yangu mtu mwingine alimkata mzee begani, nikasikia ule mlio mzito kama wa mtu anayepasua dafu. Nikamwinua. Alikuwa mwepesi kupita kiasi, mtu aliyenichapa mpaka nikalia. Nikamweka nyuma kwenye kiti cha pikipiki, nikapanda mbele yake, akaanza kuanguka. Mke wa jirani, mama ambaye siku zote alikuwa akigombana naye kwa ajili ya mbuzi, akapenya katikati ya mapanga bila kusema kitu, akavua leso yake, akatufunga viuno, mzee na mimi, mafundo mawili. Wakampiga ubapa wa panga mgongoni akiwa anakaza fundo la pili. Hakuondoka mpaka likakaza.

Nikapiga kiki. Ikawaka. Nikavuta klachi kwa vidole viwili vilivyokuwa vizima na kiganja kinachotoka damu, na leva ikakataa. Nikaivuta kwa mkono wote, nikaipigia kelele, ikaja. Gia ya kwanza. Nikaachia, pikipiki ikaruka mbele ikatupa mchanga nyuma.

Basi jambo lililotokea hapo ndilo ninaloliota. Hawakutukimbilia. Watu arobaini, wenye miguu, walio mbali nasi kwa hatua kumi, na hawakukimbia. Nilimsikia mmoja akisema, tena bila haraka, "Mwacheni. Haipandi. Itamfia hapo mlimani." Wakaanza kutembea nyuma yetu kwa miguu, mapanga yamening'inia, watu wanaokwenda kuchukua kitu walichoambiwa kilipo. Waliniamini. Sauti ile iliwaambia kwamba pikipiki yangu hufa nguvu pale, na hawakuwa na sababu ya kufanya mbio.

Mimi mwenyewe niliwaamini. Nilipofika mguuni pa mlima, mwili wangu wote ulikuwa unangojea kusikia injini ikilia na gurudumu kunyamaza. Nilikuwa nimeegemea mbele, magoti yamebana tangi, kifua cha mzee kimelala mgongoni kwangu na damu yake inateremka ndani ya shati langu, ya moto. Nikafika kwenye jiwe lile ambalo kila siku ndipo ilipoanzia kuteleza. Nikavuta moto.

Springi zikashika.

Pikipiki ilipanda mlima ule kwa sauti ya chini, imara, gia ya kwanza, jiwe baada ya jiwe, na watu wawili na uzito wa damu yote ile. Haikuyumba. Nililia. Nyuma yetu nikasikia kelele, wameanza kukimbia sasa, jiwe moja likanipata bega, lakini walikuwa wamechelewa. Tukafika juu kwenye tambarare.

Hapo ndipo baba mkubwa alipozungumza. Kidevu chake kilikuwa juu ya bega langu, mdomo karibu na sikio. Nilitarajia tusi. Ningelipokea.

"Leo yapanda," alisema.

Hakusema kwa kunisuta. Alisema vile alivyokuwa akisema siku zote, mtu aliyesimama uani kwake, anayetazama pikipiki ya mwanawe ikipita, ameona ina kasoro, akaitaja, na siku moja akaiona imetengenezwa.

Nilimjibu, nikasema mengi. Nilisema nisamehe baba, nilisema ni mimi, nilisema ni springi, nikamwambia ashikilie, tumekaribia, naona nyumba za kwanza za mjini. Nilikuwa nikizungumza mpaka getini kwa hospitali. Wauguzi walikata leso kwa mkasi. Vidole vya mkono wake mzima vilikuwa vimekamata shati langu ubavuni, ikawabidi wavifungue kimoja kimoja. Daktari wa zamu aliweka mkono shingoni mwake, akaniuliza mimi ni nani wake. Nikasema ni mwanawe. Akasema pole.

Walikamatwa wanne. Mimi nilitoa maelezo, na nilimsikilizisha afisa wa polisi sauti yangu, yote, mpaka mwisho. Aliniuliza kama najua nimejishtaki. Nikasema najua. Kesi bado inazungushwa na sijui itaishia wapi. Wale wanne wako nje kwa dhamana, na asubuhi nawakuta steji. Kiganja kilishonwa, vidole viwili vimerudi nusu. Na yule mama wa leso hatembei vizuri, lakini wale mbuzi waliobaki anawalisha yeye.

Nilidhani nikieleza watu wataelewa. Nilizipanga springi zote nne kuukuu juu ya kiti cha pikipiki, nikawaambia wenzangu watazame, wapime kwa ukucha. Walitazama kidogo. Mmoja akauliza, kwa upole kabisa, "Alikufa mgongoni kwako?" Nikasema ndiyo. "Amefungwa nawe kwa leso?" Ndiyo. "Alikunong'oneza kitu?" Nikaanza kuzikusanya springi zangu, nao wakatazamana kama walivyotazamana siku ile ya kwanza. Siku mbili baadaye nikayasikia kwa mke wangu, aliyeyasikia kisimani: mzee hakufa na uchawi wake, amemwachia mwanawe. Ukitaka kujua, itazame pikipiki yake. Zamani ilikuwa haipandi, sasa inapanda na magunia matatu.

Sikumpiga mtu. Sina nguvu hizo tena. Mke wangu anataka tuhamie Mambrui kwa dada yake, nami namwambia tungoje, shamba la baba liko hapa na kaburi la baba mkubwa liko hapa, nililichimba mwenyewe. Nywele zangu zimeanza kuwa nyeupe juu ya masikio. Huku kwetu mvi hutosha kumfanya mtu aitwe mutsai, kwa hiyo mke wangu anazipaka piko nyeusi kila mwezi bila kuniuliza.

Juzi fundi alifungua tena kifuniko kile akashangaa. Springi bado nzima, zimesimama sawasawa, lakini pleti zimeungua nyeusi. "Wewe unafanya nini na hii pikipiki?" akaniuliza. "Na springi ngumu hivi? Hizi haziwezi teleza zenyewe." Nikamwambia atie pleti mpya tu, asiulize.

Nifanyacho ni hiki. Nikishuka bondeni na mzigo, nikipita lile boma lililoungua, nikiona watu wamesimama kando ya njia wakinitazama, naivuta klachi nusu, kwa vidole vyangu vibovu, naishikilia hivyo. Injini inalia juu, gurudumu linalegea, harufu ya kuungua inapanda. Katikati ya mlima nazima, nashuka, nasukuma mpaka juu, wote waone kwamba haipandi.